Nyumba Niliyoichora Kilumbi

Zena alinipigia simu asubuhi moja nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nasubiri magoti yakubali kunyanyuka. Hakuzungusha maneno. "Dora, Mama ametutoka. Tumemzika jana." Nikasema pole, nikasema tena pole. Akaniambia arobaini itasomwa juu Kilumbi, si kule bondeni alikokuwa akiishi miaka yake ya mwisho, kwa sababu marehemu mwenyewe aliomba hivyo. "Utakuja?" Nikajibu nitakuja. Simu ilipokatika niliingia chumbani, nikapiga magoti kwa taabu, nikavuta kutoka uvunguni bomba la plastiki ninalohifadhia karatasi moja tu. Nimehama nyumba mara tano katika maisha yangu na kila mara nimehama nalo, na sijawahi kulifungua. Ndani yake mna mchoro wa nyumba ya Bi Mwanaidi, mama yake Zena. Kila kipimo kwenye mchoro ule ni sahihi. Kilichokosewa ni jina lililoandikwa kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, penye nafasi ya mwenye nyumba. Jina hilo niliandika mimi, na kwa jina hilo Bi Mwanaidi alitolewa nyumbani kwake.

Nina miaka sitini na mitatu na nimechoka. Nasema hivyo mapema ili msomaji asitegemee kutoka kwangu kumbukumbu za ujana zenye shangwe. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, nangoja majibu ambayo hayakuwa na haraka ya kuja, na nilikuwa na mwandiko mzuri na mkono usiotetemeka. Kwa sifa hizo mbili nilichukuliwa na Bwana Severini, mchoraji wa majengo aliyepewa kazi ya kuorodhesha nyumba za kale za Kilumbi kabla hazijaanguka. Sisi wengine tuliokulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwandani, Morogoro mjini, tulikuwa tukiiona milima ya Uluguru kila siku tunapoanika nguo, na hatukuwa na habari kabisa na wanaoishi huko. Nilidhani nitakaa miezi miwili. Nilikaa mwaka mzima kasoro wiki chache.

Kilumbi iko juu ya mgongo wa mlima, juu ya Matombo, mahali ambapo njia ya miguu inatoka bondeni upande mmoja na kushukia bonde jingine upande wa pili. Zamani wachukuzi wa misafara walipanda hapo na chumvi, shanga na vitambaa, wakashuka na tumbaku na nta, na kwa sababu kupanda kwenyewe ni adhabu, walilazimika kulala. Kijiji kilijengwa kwa ajili ya mzigo na uchovu. Nyumba zilipangwa safu mbili, njia katikati, na kila moja ilikuwa na baraza pana iliyoinuliwa hadi usawa wa kiuno cha mtu mzima, ili mchukuzi ageuze mgongo na kuutua mzigo wake bila kuinama. Nyumba za mbele zilikuwa ndefu, za mgongo wa tembo, zimeezekwa nyasi nene na kukandikwa udongo mwekundu. Nyuma ya kila nyumba ndefu ilisimama ya msonge, ya duara, ambayo ndiyo jiko, na ambayo kusema kweli ndiyo iliyokuwa nyumba yenyewe, maana huko mbele walikaa wageni na wanaume. Hilo nililiona tangu siku ya kwanza nikalichora vizuri sana, ila maana yake ilinipita.

Tulipangiwa kwa Bi Mwanaidi. Bwana Severini alipewa chumba cha barazani na mimi nikapewa chumba cha kati, kisicho na dirisha, ambacho enzi za misafara kilikuwa ghala la tumbaku. Ukuta wake ulikuwa bado unanuka tumbaku mvua inaponyesha, na huko mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha inapojisikia. Nililala kwenye kitanda cha kamba, chini ya dari la miti lililokuwa jeusi kwa moshi, na asubuhi niliamshwa na harufu ya mdalasini kwenye chai. Tulikula magimbi ya kuchemsha asubuhi, ugali na maharage mchana, na msimu wa mafenesi ulipofika tukala fenesi mpaka nikachukia kuliona, halafu zikaja kokwa zake za kuchemsha, ambazo Zena alinifundisha kuzimenya kwa meno. Zena alikuwa rika langu, amepishana nami miezi minne tu. Alikuwa na kicheko cha kuchokoza na alinicheka kwa kila kitu: ninavyopanda mlima, ninavyoshika kisu, ninavyoandika nambari za nguzo kama vile nguzo zingetoroka. "Dora, hiyo uliipima jana," alikuwa akiniambia. "Imerefuka?"

Bi Mwanaidi mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, hasomi wala haandiki, na hakuna kilichompita. Aliniita mwanangu tangu siku ya pili. Siku ya kwanza aliniangalia tu. Mume wake, Mzee Kibwana, alikuwa mtu mwema mwenye maneno mengi, ambaye alishinda barazani akisuka matenga ya kubebea ndizi na kuwasimulia wapita njia habari za misafara kana kwamba alikuwapo. Nilimpenda. Hata leo, baada ya yote, siwezi kumtupia lawama.

Fomu zetu zilikuwa na sehemu ya kujaza kabla ya kuanza kupima: jina la mwenye nyumba. Kwenye nyumba ishirini na mbili za Kilumbi niliuliza swali hilo mara ishirini na mbili, na mara zote nilimuuliza aliyekaa barazani, na aliyekaa barazani alikuwa mwanamume. Nilimwamkia Mzee Kibwana shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza, "Mwenye nyumba hii ni nani, mzee?" Akaweka tenga chini, akajinyoosha mgongo, akasema, "Andika Kibwana Mohamedi." Sidhani kama alidanganya. Ni yeye aliyeezeka upya upande wa magharibi, ni yeye aliyeitwa kwenye mikutano, na binti wa mjini mwenye fomu alikuwa amemuuliza yeye, si mwingine. Angejibuje? Nami nilikotoka, ukiuliza nyumba ni ya nani unajibiwa jina la baba, na hakuna anayeinua kichwa. Nikaandika. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Na si kwamba sikudokezwa. Jioni moja, jua bado liko juu ya miti, wanawake watano au sita walikuwa wamekaa nje ya jiko wakipukuchua mahindi, nami ndani ya msonge nikipima nafasi kati ya mafiga na ukuta. Walikuwa wakimsengenya Mzee Kibwana kwa mapenzi, jinsi anavyojivuna mbele ya Bwana Severini. "Na aseme," alisema mmoja wao. "Kaja hapa na shoka na mkeka, sasa ana kijiji kizima." Wakacheka wote, na Bi Mwanaidi akacheka kuliko wote. Nami nilicheka huko ndani, kwa kuambukizwa tu. Sikujiuliza kwa nini mtu mwenye nyumba awe amekuja nyumbani kwake na shoka na mkeka.

Tulipokaribia kumaliza, Bwana Severini alianza kuhamishia michoro kwenye karatasi kubwa kwa wino. Alikuwa fundi kwelikweli na mtu mgumu. Hakukubali alama ya kufuta wala tone la wino. Karatasi ya kwanza ya nyumba ya Bi Mwanaidi niliichora mimi kwa siku tatu, na siku ya tatu nikaiangushia chai, duara dogo pembeni, akaitupa kando bila kusema neno. Nikachora upya mbili: moja ya ofisi mjini, nyingine ya kubaki kwenye serikali ya kijiji. Ile yenye doa nikaiweka mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeihangaikia.

Wiki ile ya mwisho Bi Mwanaidi aliniita jikoni. Mvua ilikuwa imeanza, moshi umetanda chini ya paa, na alikuwa akigeuza ndizi kwenye makaa kwa vidole. Alinipa moja, akaningoja nianze kula. Kisha akasema, "Mwanangu, ile karatasi ya nyumba yangu nimesomewa. Umeandika Kibwana."

"Ndiyo, mama. Yeye ndiye aliyenitajia."

"Najua. Nilimsikia." Akatabasamu kidogo. "Kibwana ni mume wangu na sitamvunjia heshima mbele ya wageni. Lakini nyumba hii bibi yangu alijengewa na kaka zake. Ikaja kwa mama, ikaja kwangu, itakwenda kwa Zena. Ni ya lukolo letu." Lukolo ni ukoo wao, na Waluguru huufuata kwa mama. "Kibwana ana lukolo lake kule kwao. Akifa, warithi wake si watoto wangu. Ni watoto wa dada zake. Wataichukua redio yake, wataichukua baiskeli, na ni haki yao. Wakiikuta karatasi hii, wataichukua na nyumba."

Nikamwambia kijijini kila mtu anajua nyumba ni yake. Aliniangalia kwa upole ambao hadi leo unaniuma. "Wanaojua ni wazee, mwanangu. Karatasi haizeeki." Akapuliza vidole vyake. "Usimwambie yeye, asije akaona nimemshitaki. Wewe badilisha tu jina, basi."

Nikasema, "Sawa, mama. Nitarekebisha."

Nilimaanisha. Nilitoka jikoni moja kwa moja nikaenda barazani, ambako Bwana Severini alikuwa akikunja karatasi zote na kuzifunga kwa nailoni kabla mvua haijazidi. Alikuwa na hasira kwa sababu wachukuzi wa mizigo yetu hawakuja. Nikasimama mbele yake. Nilijua maana ya kufungua mdomo: karatasi mbili kuchorwa upya, siku sita au saba nyingine, na pengine nyumba zote ishirini na mbili kuulizwa upya, kwa maana kama nimekosea hapa basi nimekosea kila mahali. Miguu ilikuwa imevimba. Nilikuwa nimechoka magimbi, nimechoka tope, nimechoka kulala kwenye harufu ya tumbaku, na nilitaka kwenda kwetu. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Kuna nini?"

Nikamjibu, "Hakuna."

Basi. Neno moja. Nimelifikiria neno hilo kwenye foleni za hospitali, kwenye harusi za watu, nikisahihisha madaftari ya wanafunzi kwa miaka thelathini ya ualimu. Tulipoondoka kesho yake Bi Mwanaidi alinifungashia mdalasini na pilipili manga kwenye jani la mgomba, hakuuliza. Aliniamini.

Mzee Kibwana alifariki miaka kumi na moja baadaye. Nilizipata habari stendi ya Msamvu, nilipomkuta Zena na mafurushi ya viungo akisubiri basi la Dodoma. Tulikumbatiana, tukakaa kwenye kibanda tukanywa soda. Alinisimulia bila kupandisha sauti. Wapwa wa baba yake walikuja baada ya matanga, wakaelekea ofisi ya kijiji, wakatoka na karatasi yenye mhuri. Wazee waliojua walikuwa wamebaki wawili, mmoja hasikii. Baraza la kijiji likasoma kilichoandikwa. Wapwa hawakutaka kuishi Kilumbi. Waliezua paa, wakauza nguzo na milango, wakamuuzia mtu kiwanja. Bi Mwanaidi akashuka bondeni kwa Zena. "Walikuja na karatasi," alisema Zena, akanitazama, akanywa soda, akanitazama tena. Nilichezea kizibo cha soda. Nikasema, "Dunia hii." Basi lake likaja.

Kwa hiyo siku ya arobaini nilipanda. Pikipiki ilinifikisha mwisho wa njia ya magari, kilichobaki nikakimaliza kwa fimbo, nikipumzika kila penye jiwe. Kilumbi ya leo ina bati, ina matofali ya saruji, ina mnara wa simu. Zimebaki nyumba mbili za kale, zimewekewa kibao, na siku hiyo wageni wanne wenye kofia pana walikuwa wakipiga picha wakiwa wamesimama juu ya baraza, mahali pa kutulia mizigo. Hakuna aliyewaambia washuke. Hata mimi nilikuwa nahema tu.

Hitima ilisomwa kwa jirani, tukala pilau kwenye mikeka, watu wakatawanyika taratibu. Zena amekuwa mfupi kama mama yake. Alinishika mkono bila kuuliza bomba nililobeba ni la nini, akanipeleka palipokuwa nyumba. Mnunuzi hakuwahi kujenga. Pamebaki kipande cha baraza, udongo na mawe, kimeota majani, na nyuma yake duara la mawe ya jiko. Tulikaa barazani, miguu yetu inaning'inia, wazee wawili. Nikafungua bomba. Karatasi ilikuwa ngumu, ikakataa kunyooka, tukaikandamiza kwa viatu vyetu.

Zena aliiinamia. Alipitisha kidole kwenye nguzo moja baada ya nyingine, kwenye mlango wa jiko, kwenye kichanja cha vyombo. "Hapa ndipo alipokuwa akiweka chumvi," alisema. "Na huu ufa. Umeuchora na ufa." Akacheka kidogo, kicheko kilekile. Kidole kikashuka mpaka kwenye kona, kikasimama.

"Zena," nikasema, "mama yako aliniambia. Kabla hatujaondoka. Aliniita jikoni akaniambia kila kitu, nikamwambia nitarekebisha. Sikurekebisha. Si kwamba nilisahau. Nilikuwa nimechoka."

Nilitegemea alie, au anitukane, na ningeshukuru kwa lolote kati ya hayo. Aliondoa kidole kwenye kona ile. "Dora," alisema, "unadhani nani alimsomea?"

Nikainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Mimi ndiye niliyemsomea. Mlikuwa mmetoka kupima, nikaifungua barazani nikamsomea. Aliporudi kutoka jikoni alikoongea na wewe, nikamuuliza imekuwaje. Akasema, yule binti amesema atarekebisha. Hata walipokuja na karatasi, akasema labda alirekebisha ile ya mjini. Mpaka anakufa, Dora, hakukusema vibaya."

"Na pale Msamvu? Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikungoja useme wewe." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja saa. "Basi likaja."

Nililia hapo, mbele ya wale wageni wenye kofia waliokuwa wakipita kuelekea kwenye nyumba ya pili, na mmoja wao akashusha kamera yake kwa adabu. Zena aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akafungua mkoba wake, akatafuta ndani, akatoa kalamu ya wino wa bluu, ya kawaida, ya dukani, akanipa.

"Rekebisha," alisema.

Nikamwambia haina faida tena, nyumba haipo, kiwanja kina mtu, karatasi hii haikuwahi hata kuwa na mhuri. Akasema anajua yote hayo. Nikainama. Mkono wangu siku hizi unatetemeka, kwa hiyo mstari nilioukatia jina la Mzee Kibwana ulipinda, na wino ukaacha tone ambalo Bwana Severini asingelikubali. Juu yake nikaandika Mwanaidi binti Seif, herufi kubwa na ndogo, si kwa mwandiko mzuri. Zena akaisoma kwa sauti, jina lote, akapuliza wino ukauke, akaikunja karatasi akaiweka kwapani mwake. Kurekebisha kote hakukuchukua hata nusu dakika.